Kilti ya bei nafuu au kilti ya sufu ya kimila? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa macho zinafanana. Kwa nini moja iuzwe pauni 40 na nyingine pauni 600?

Kwa sababu sehemu kubwa ya kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, haionekani. Usiitazame kwa mbele. Igeuze nyuma, shika rinda moja kwa vidole viwili, kisha ulifungue. Kwenye kilti ya kimila ya Uskoti rinda hilo lina kina cha sentimita 9 hivi, na kitambaa chake kimekunjwa ndani mara mbili. Kwenye kilti nyingi za bei ya chini kina ni sentimita 3 au 4 tu. Kilti ya kimila hula yadi 8 za kitambaa, yaani mita 7.3. Fundi hununua yadi 4 za kitambaa cha upana mkubwa, akakipasua katikati kwa urefu wake, akaviunga vipande viwili kwa mshono unaojificha ndani ya rinda. Kitambaa chote hicho ndicho kinachoifanya kilti iyumbe unapotembea na irudi mahali pake unaposimama.

Jambo la pili ni kazi ya mkono. Chukua mtu ambaye nusu yake ya nyuma ina sentimita 50 kwenye nyonga na 41 kiunoni. Akiwekewa marinda 27, kila rinda litaonekana kwa upana wa milimita 18 na nusu nyongani, kisha lisinyae hadi milimita 15 hivi likifika kiunoni. Fundi analisinya rinda moja moja kwa sindano, mishono midogo iliyokaribiana, huku akihakikisha mistari ya tartani (kitambaa cha miraba ya rangi, ambacho mpangilio wake huwa wa ukoo au eneo fulani) inakutana kutoka rinda hadi rinda. Milimita tatu na kitu ni kidogo, lakini zidisha kwa 27 uone kosa dogo linavyokua. Marinda yakiisha kushonwa, kitambaa kinachozidi ndani upande wa juu hukatwa, mahali pake hupigwa kanvasi ya kushikilia umbo, na juu ya kanvasi huja bitana. Mashine ya kiwandani hairudii hatua hizi zote kwa pauni 40.

Kilti za bei nafuu ni kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Kuna angalau aina nne.

Ya kwanza ni ya akriliki, yaani nyuzi za plastiki, pauni 30 hadi 60 hivi. Nyingi hushonwa Sialkot, Pakistani, mji ambao pia hutengeneza bagipaipu (zumari za mfuko) nyingi zinazouzwa duniani. Ya pili ni ya polista-viskosi, mchanganyiko ambao kwa kawaida una asilimia 65 za polista na 35 za viskosi (nyuzi laini zitokanazo na mbao). Bei yake huanzia pauni 80 na kufika 200. Ya tatu ni kilti ya kazi, ya pamba nzito kama turubai, ina mifuko na vifungo vya chuma, wala haina tartani. Aina hii ilipata umaarufu kutoka Seattle, Marekani, kuanzia mwaka 2000. Ya nne ni sufu nyepesi ya yadi 4 au 5, iliyoshonwa kwa mashine, pauni 200 hadi 350.

Kati ya hizo tunazipendekeza tatu za mwisho bila wasiwasi, kila moja kwa shughuli yake. Ile ya akriliki inayojifanya ya kimila ndiyo tunayomshauri mtu aiache.

Akriliki ina ubaya gani hasa?

Haishiki mkunjo. Sufu ukiipiga pasi ya mvuke hukubali umbo na kulitunza; akriliki hulegea baada ya kukalia kiti saa mbili, na kufikia jioni marinda ya nyuma yamefunguka. Pasi yenye moto wa kutosha kuyarudisha huacha kitambaa kinang'aa au kimevutika, maana nyuzi zake hulainika kwa joto. Mahali panaposuguana na sporani (mfuko mdogo unaoning'inia mbele ya kilti) na mkanda hutoka vipele vya nyuzi ndani ya muda mfupi. Tena ni nyepesi, na Uskoti ni nchi ya upepo. Upepo ukivuma, kilti nyepesi hupanda.

Kuna na suala la rangi. Wenye viwanda vya akriliki hufuma tartani chache zinazouzwa sana, kama Royal Stewart na Black Watch, na mara nyingi miraba huwa midogo kuliko inavyotakiwa au rangi zimekosewa. Mtu wa kawaida hatajua. Mzee wa ukoo husika atajua akiwa bado mlangoni.

Na polista-viskosi?

Hii ni ya kuheshimiwa. Marinda yake hukaa, huoshwa kwa mashine, haimuwashi mwenye ngozi nyepesi, na haina chakula cha nondo. Kwa watoto wanaokua, kwa mpira uwanjani Hampden, Glasgow, kwa kupanda milima, kwa sherehe za nje zenye matope, mara nyingi ni uamuzi bora kuliko sufu. Kasoro yake ni kwamba rinda huanguka kiwepesi zaidi, na ukiikaribia unaona kitambaa hakina kina cha rangi cha sufu.

Sufu ya aunsi ngapi inifae?

Uzito wa kitambaa cha kilti hutajwa kwa aunsi kwa kila yadi moja ya urefu. Aunsi 10 au 11 ni nyepesi, 13 ni ya kati, 16 ni nzito, na kuna ya 18 iliyozoeleka jeshini. Ukitaka kujua utabeba nini kiunoni, zidisha kwa yadi 4 za upana mkubwa. Aunsi 16 mara 4 ni aunsi 64, karibu kilo 1.8. Aunsi 13 zinakupa kilo 1.5 hivi.

Kama ni kilti moja ya maisha na utaivaa Uskoti, chukua aunsi 16. Uzito ndio unaovuta marinda chini na kuyanyoosha, hivyo kitambaa kizito huhitaji pasi mara chache zaidi. Aunsi 13 ni mapatano mazuri kwa anayecheza dansi usiku kucha ukumbini. Aunsi 10 kwa kilti ya yadi 8 hatuishauri: marinda yake hukunjamana haraka, na yanataka pasi kila mara.

Nitaitambuaje kilti ya sufu ya kweli nikiwa dukani?

Anza na ukingo wa chini. Kitambaa cha kilti hufumwa kiwe na ukingo uliomalizwa kwenye mashine ya kufumia, kwa hiyo kilti ya kimila haikunjwi pindo. Ukiona pindo limekunjwa na kushonwa kwa chini, hicho ni kitambaa cha kawaida kilichogeuzwa kuwa kilti. Kisha angalia nyuma: je, mistari ya tartani inaendelea rinda hadi rinda, au inakatika ovyo? Kuna mitindo miwili halali. Katika mmoja, marinda yakifungwa tartani nzima hujirudia nyuma kana kwamba hakuna rinda. Katika mwingine, wa kijeshi, mstari mmoja huwekwa katikati ya kila rinda. Ovyo si mtindo.

Tazama ndani. Mishono ya mkono haifanani kwa asilimia mia, na bitana ya pamba hufunika kanvasi. Uliza yadi ngapi, aunsi ngapi, nyuzi gani, kitambaa kimefumwa wapi. Muuzaji wa kweli atajibu hata kabla hujamaliza. Maneno kama "mtindo wa Kiskoti" kwenye lebo hayasemi imeshonwa Uskoti. Vitambaa vingi vizuri hutoka viwanda vya Uskoti, kama vya Selkirk, na jina la mfumaji ni jambo la kujivunia, halifichwi.

Nijipime vipi?

Usitumie saizi ya suruali. Suruali za siku hizi hukaa chini, kwenye mifupa ya nyonga. Kilti hukaa juu, usawa wa kitovu. Wanaume wengi wana inchi 2 hadi 4 zaidi huko juu kuliko namba iliyoandikwa kwenye jinzi zao.

Mwombe mtu akupime kwa futi ya fundi, umevaa shati jepesi na kitu chembamba kwa chini:

1. Kiuno, usawa wa kitovu. Futi iguse bila kubana, na usivute tumbo ndani.
2. Nyonga, mahali makalio yanapojitokeza zaidi. Kama tumbo limetangulia mbele kuliko makalio, futi ipite juu ya yote mawili.
3. Urefu, kutoka pale ulipopima kiuno hadi katikati ya goti. Simama wima, tazama mbele. Ukiinama kuangalia futi, kipimo kinabadilika.

Kosa la nyonga ndilo linaloharibu zaidi. Nyonga ikiwa ndogo, marinda hufunguka chini ya makalio, na hakuna pasi itakayoyafunga. Kosa la urefu nalo huonekana haraka: ukingo wa chini unatakiwa uguse juu au katikati ya goti. Kilti za bei nafuu nyingi huja na urefu mmoja, inchi 24. Mtu mfupi atafunikwa magoti, na kwa kuwa ukingo wa chini hauwezi kukatwa bila kuvuruga miraba, hapo hana la kufanya. Mrefu au mfupi kuliko wastani, nunua kwa anayeshona kwa kipimo chako, hata kama ni polista-viskosi.

Nitaivaa mara moja tu, kwenye harusi. Ninunue?

Hapana, ikodi. Maduka ya Edinburgh, Glasgow na Inverness hukodisha seti nzima, koti, sporani, soksi na viatu pamoja, kwa pauni 80 hadi 150 hivi. Kwa pesa hiyo hiyo ungepata kilti ya polista-viskosi bila koti. Weka nafasi mapema, hasa kwa harusi za kiangazi, na uijaribu kabla ya siku yenyewe.

Ukiona utaivaa tena mara tano au sita, hesabu inaanza kugeuka.

Vipi mtumba?

Huu ndio mlango ambao watu wa pesa ya kawaida wangepaswa kuugonga kwanza. Maduka ya kukodisha huuza kilti zake zikizeeka kidogo, na maduka ya hisani ya Uskoti hupokea za marehemu na za waliobadilika miili. Kilti ya sufu ya yadi 8 iliyotunzwa hudumu miongo, kwa hiyo umri peke yake si kasoro. Mara nyingi unaipata kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya.

Iangalie dhidi ya mwanga ili uone matundu ya nondo. Vuta mikanda ya ngozi: ikipasuka, kuibadilisha ni kazi ndogo. Jihadhari na nyonga zisizokufaa, maana huko hakuna marekebisho mepesi. Kumbuka ule ukataji wa kitambaa upande wa juu: kikishakatwa, hakipo tena cha kuachia. Kuhamisha bizimu kunakupa inchi moja au mbili kiunoni. Zaidi ya hapo fundi lazima aifumue yote, na gharama yake inakaribia ya kilti mpya. Kwa hiyo kilti ya mtumba iliyokubana leo, iache hata kama tartani imekukaa moyoni.

Mimi si Mskoti. Naruhusiwa kuvaa? Na tartani gani?

Unaruhusiwa. Hakuna sheria inayomzuia mtu kuvaa kilti. Sheria pekee ya kukumbukwa ilikuwa kinyume chake: baada ya uasi wa Wajakobi wa Uskoti wa 1745, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya 1746 iliyowakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi ya nyanda za juu, isipokuwa wakiwa jeshini, na ilifutwa 1782. Watu walionyang'anywa vazi kisha wakalirudisha hulithamini, na wengi hufurahi mgeni anapolivaa kwa heshima. Wanafunzi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakisoma Uskoti tangu kabla ya uhuru, Nyerere alihitimu Edinburgh mwaka 1952, na hadi leo mwenyeji wako wa harusi au mahafali atakuambia uvae bila kusita.

Tartani za koo ni desturi, si sheria. Mgeni asiye na ukoo anachagua za wote: Black Watch, Hunting Stewart, Isle of Skye, au ya wilaya anayoishi. Balmoral iachie familia ya kifalme. Kabla ya kulipia, linganisha rangi na mpangilio kwenye Rejista ya Tartani ya Uskoti, iliyoundwa kwa sheria ya 2008 na inayosomwa bure mtandaoni. Dakika kumi za kulinganisha zitakuokoa na ile tartani yenye jina sahihi na rangi za kubuni.

Nina pauni 300 kwa vyote. Nizigawe vipi?

Usizimalize kwenye kilti. Kilti nzuri na sporani ya plastiki haipendezi kuliko kilti ya wastani na vitu vya ngozi. Tungefanya hivi: polista-viskosi iliyoshonwa kwa kipimo chako, pauni 150; sporani ya mchana ya ngozi, pauni 60; mkanda mpana na bizimu yake, pauni 40; soksi ndefu za sufu, pauni 20. Viatu vyeusi vya ngozi ulivyonavyo vinatosha. Kinachobaki kiweke. Ukipata kilti ya mtumba ya sufu baadaye, vifaa hivyo vyote vitahamia kwake.

Inafungwaje?

Marinda nyuma, aproni mbili bapa (sehemu zisizo na marinda) mbele, na ya juu hufungia kulia, upande wenye matamvua. Huzungushwa kiunoni kama kikoi, ila hushikwa na mikanda: ule wa aproni ya ndani hupenya kwenye tundu dogo upande wa kushoto na kufungwa nje, kisha mmoja au miwili upande wa kulia. Mstari wa katikati ya aproni uwe sawa na kitovu. Sporani ining'inie upana wa kiganja chini ya bizimu ya mkanda.

Pini ya kilti inashika nini?

Haishiki kitu. Inachomwa kwenye aproni ya juu peke yake, karibu na kona ya chini kulia, na kazi yake ni uzito na pambo. Ukichoma aproni zote mbili, siku utakapoinuka ghafla itachana kitambaa. Matundu mengi kwenye kilti za mtumba yametokea hivyo.

Ndani nivae nini?

Unachotaka. Ila kilti ya kukodi au ya kujaribu dukani, vaa chupi.

Nazioshaje?

Polista-viskosi: maji baridi, mzunguko wa upole, itundike ikiwa na unyevu uvute marinda kwa mkono yakae sawa. Kabla ya kuosha, piga bandi chini ya marinda, mistari miwili, ili yasifunguke. Pasi inakuwa nyepesi baadaye.

Sufu haioshwi kila ikivaliwa. Itundike hewani usiku mmoja kwa kibanio kipana, piga brashi, doa dogo lifute kwa kitambaa chenye maji. Ikihitaji dobi wa kemikali, mwulize kwanza kama ameshawahi kusafisha kilti, na umpigie marinda bandi wewe mwenyewe kabla ya kumpelekea. Dobi asiyejua hupiga pasi mikunjo mipya pembeni mwa ile ya zamani, na kuiondoa ni kazi ngumu. Ukipiga pasi nyumbani, weka kitambaa chenye unyevu juu ya sufu, kandamiza, inua, sogea. Usiburute pasi, kwani kuburuta huyavuta marinda nje ya mstari.

Nikiipeleka Mombasa au Dar es Salaam, itakuwaje?

Sufu ya aunsi 16 pwani mchana ni mateso, kwa hiyo ukijua utaivaa huko zaidi, chagua polista-viskosi au sufu ya aunsi 11 ya yadi 5. Hatari kubwa zaidi ni kabatini. Unyevu huleta ukungu, na nondo hupenda sufu yenye jasho na mabaki ya chakula. Isafishe kabla ya kuihifadhi, iache ikauke kabisa, itundike ndani ya mfuko wa pamba unaopumua, wala si wa nailoni, na kila miezi miwili itoe nje upeponi kivulini. Jua kali hupausha rangi.

Naisafirishaje bila kuharibu marinda?

Ilaze kifudifudi, nyoosha marinda yote, kisha iviringishe kuanzia upande mmoja wa kiuno kwenda mwingine, kiuno kibaki upande wa juu wa mviringo na pindo upande wa chini. Ingiza mviringo huo ndani ya mguu mmoja wa soksi ndefu za kike zilizokatwa. Hubana vya kutosha kuzuia marinda yasisogee, na hutoshea pembeni mwa sanduku. Ukifika, itundike bafuni huku maji ya moto yakitiririka kwa dakika 15. Mvuke unamaliza kazi kwenye sufu. Kisu cha soksi (kile kidogo kinachochomekwa kwenye soksi), kama unacho, kiweke kwenye mzigo unaoingia chini ya ndege, maana ukaguzini utanyang'anywa.